Kaa la Kuazima

Juni, Newala. Ukungu umepanda kutoka Shimo la Mungu
ukaingia mitaani bila hodi,
ukakaa juu ya mabati, juu ya kengele ya kanisa,
kwenye nguo za jana zilizokataa kukauka.
Mikorosho imevaa salfa, njano juu ya kijani,
na sisi tulioipuliza tunakohoa kwa zamu.

Mimi ni katibu wa jumuiya. Nina daftari.
Mwaka juzi tulikuwa thelathini na mmoja, Jumamosi alfajiri,
tukibanana mikekani hadi watoto
wakalala kwenye mapaja yasiyo ya mama zao.
Siku hizi tunasali kwa simu.
Mtu anaandika, "Tumwombee Mama Teofrida, kifua,"
na amina zinateremka kama manyunyu batini:
amina, amina, viganja viwili, amina, ua.
Nilizihesabu. Ishirini na sita.
Yangu ilikuwa ya herufi kubwa.

Siku ya tano nilikwenda kwake.
Nisijipake mafuta: nilikwenda kudai.
Kiroba cha salfa, cha msimu uliopita.
Alisema atalipa baada ya mnada;
mnada ukapita, wa pili ukapita,
na mimi kila tukisali, tukifika kwenye habari ya wadeni,
nilikuwa nakohoa kidogo.

Jiko lake halikuwa na moshi.
Asubuhi ya baridi ile, nyumba isiyotoa moshi
ni kama mtu asiyeitikia salamu.
"Karibu, katibu," alisema kutoka kitandani. "Nilijua mtakuja."

Mtakuja. Wingi.
Nilikuwa peke yangu,
na hata huyo mmoja alikuwa hajaja.

Nikapiga magoti mbele ya mafiga, mkao ninaoujua,
lakini moto haujui cheo.
Kuni zilikuwa zimekunywa ukungu.
Njiti nane. Nikapuliza
mpaka majivu yakanirudi machoni.
"Nenda kwa Somoe," akasema. "Ndiye aniletea uji."

Somoe binti Mchopa, nyumba ya pili,
ambaye Ijumaa hufunga genge lake mapema,
ambaye hayumo katika daftari langu
wala hana simu ya kuandikia amina.
Hakuniuliza kitu.
Alitandaza majivu kwenye kigae cha chungu,
akaweka kaa moja, akalifunika kwa majivu tena
kama mtu anayemlaza mtoto.
"Usisimame njiani kusalimia," akasema.
"Likizoea baridi, limekwisha."

Nikakimbia. Mwanamume wa miaka hamsini na minne,
koti la kanisani, kigae kinaunguza vidole.
Mwenyekiti wa chama cha msingi akaniita, habari za malipo;
nikampita.
Nikapuliza, nikakimbia, nikapuliza,
na lile kaa likawa linafumba jicho, linafumbua.

Uji ukachemka. Deni sikulitaja.
Sitasema nilisamehe; labda niliahirisha.
Moyo wangu naujua, una mlango wa nyuma.
Ila nilimshika kikombe alipokunywa,
mkono wake mkavu ukawa juu ya wangu,
na kwa muda ule sikukumbuka bei ya kiroba.

Usiku nikaandika kwenye simu:
"Jumamosi kwa Teofrida. Kila mtu na ukuni wake.
Msijibu."

Walikuja saba. Somoe wa nane, akakaa mlangoni,
nusu yake ndani, nusu ukunguni,
akachambua mchicha wakati sisi tunasali.
Aloisi alileta fito mbichi, kaikata njiani kwa haraka,
utomvu bado unamtoka mdomoni.
Mke wangu alitaka kuitupa nje.
Tukaichoma hivyohivyo.

Ikapiga kelele, ikatoa povu,
ikajaza chumba moshi mzito wa buluu,
tukalia wote, katibu na daftari lake,
na hapakuwa na wa kujua
nani analia moshi, nani analia nini.